Ndege Ilionekana Kwenye Orodha, Lakini Geji Zilikuwa Nyeusi

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari mkoani Kilimanjaro, nilisimama mbele ya wanafunzi 52 wa Kidato cha Kwanza. Nilikuwa na kompyuta yangu, projekta ya kuazima, na somo nililolipenda kuliko yote niliyowahi kuandaa. Mada ilikuwa joto na mwinuko. Badala ya kuchora mlima ubaoni, tungepaa kwa simuleta ya ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro, ulio karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, hadi usawa wa Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kila baada ya mita 500 mwanafunzi mmoja angesoma kimo, mwingine angesoma joto la nje, na darasa zima lingejaza jedwali. Mwisho wangegundua wenyewe kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, bila mimi kuwakaririsha.

Nyuma ya darasa alikaa msimamizi wangu kutoka chuoni, na fomu yake ya alama mkononi.

Nikafungua simuleta. Nikachagua ndege yangu, Cessna Caravan iliyotengenezwa na mpenzi mmoja wa simuleta miaka mingi iliyopita na kutolewa bure. Niliipenda kwa sababu moja: dashibodi yake ilikuwa na geji mbili kubwa, moja ya kimo kwa mita na moja ya joto kwa Selsiasi. Hata aliyekaa dirisha la nyuma kabisa angezisoma. Ndege ikatokea uwanjani, mabawa safi, magurudumu safi. Nikaingia chumba cha rubani. Pale zilipotakiwa kuwa geji palikuwa na matundu meusi.

Darasa likanyamaza. Kisha binti mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwani ndege si ile ile?"

Swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo, ndiyo maana naandika. Ndege ilikuwa ile ile kweli. Kilichobadilika ni nyumba iliyowekwa ndani yake. Kama na wewe unafikiria kuhama simuleta, au kuhama programu yoyote uliyoizoea na kuijaza vitu vyako, soma kwanza haya. Mimi ada yake nimeshalipa.

Nilikosea wapi

Simuleta yangu ya zamani ilikuwa Microsoft Flight Simulator X, iliyotoka mwaka 2006. Wenyewe tunaiita FSX. Nilianza kuichezea nikiwa sekondari, na kwa miaka nilikuwa nimeijaza viongezo: ndege, viwanja, milima yenye maumbo mazuri zaidi. Nilipopata kompyuta yenye nguvu kidogo nikaamua kuhamia toleo la 2020. Toleo hilo linahitaji nafasi ya GB 150 kwenye diski. Kiongezo kikubwa namna hiyo hukipakui kwa bando la wiki, bwana. Nilikesha maktaba usiku kadhaa nikitumia mtandao wa chuo. Barani Ulaya kampuni moja ilifikia hatua ya kuliuza toleo hilo kwenye boksi lenye DVD 10, kwa ajili ya watu wenye intaneti ya kusuasua.

Diski yangu ikajaa. Nikaifuta FSX ili kupata nafasi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi, lakini ndilo lililoniumiza. Nilichukua folda ya ile Caravan ya zamani, nikaitengenezea yale mafaili mawili ambayo simuleta mpya inayadai ili iitambue ndege, nikaiweka kwenye folda ya Community, mahali pa viongezo. Nikafungua orodha ya ndege. Jina lake lipo, picha yake ipo. Nikasema, "Imekubali." Nikafunga kompyuta, nikaenda kula. Sikuiwasha hata siku moja mpaka siku ya kipindi.

Kuonekana kwenye orodha siyo kufanya kazi. Orodha inasoma faili la maandishi linalosema ndege inaitwaje. Geji zinasomwa baadaye, unapoingia kuruka.

Kwa nini geji hazikuwaka

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na siyo gumu kama linavyoogopwa.

Programu inapofanya kazi, kila kitu inachokitumia hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kila sehemu ya kumbukumbu hiyo ina anwani, kama vyumba vya hosteli. Programu ya biti 32 huandika anwani kwa tarakimu 32, kila moja ikiwa sifuri au moja. Ukipiga hesabu, mbili kwa kipeo cha 32 ni 4,294,967,296. Ndizo anwani zote zilizopo. Kwa hiyo hata ukiwa na RAM ya GB 16, programu hiyo haiwezi kuona zaidi ya GB 4. Siyo kwamba vyumba havipo, ila namba za kubandika mlangoni zimekwisha.

FSX ni ya biti 32. Waliowahi kuitumia na viongezo vingi wanajua kilichokuwa kinatokea: unaruka saa tatu, unakaribia kutua, kengele inalia, ujumbe unasema kumbukumbu imekwisha, safari imeishia hapo. Ndiyo maana watengenezaji walihamia biti 64. X-Plane walianza na toleo la 10, mwaka 2013. Lockheed Martin, ambao Prepar3D yao imejengwa juu ya msingi ule ule wa FSX, walihama mwaka 2017 kwa toleo la nne. Simuleta ya Microsoft ya 2020 ilizaliwa ikiwa ya biti 64 tangu mwanzo. Anwani za biti 64 ni zaidi ya trilioni milioni 18, hivyo tatizo la namba za milangoni likaisha.

Lakini kuna sharti. Kwenye Windows, programu ya biti 64 haiwezi kupakia ndani yake kipande cha programu cha biti 32. Haiwezekani kabisa, siyo suala la kubembeleza mipangilio. Na geji zangu mbili zilikuwa vipande vya namna hiyo. Aliyezitengeneza alikuwa ameziandika kwa lugha ya C, akazigeuza kuwa lugha ya mashine ya biti 32, akatoa faili lililokamilika bila kutoa maandishi yake ya awali. Angekuwepo, angeweza kuzigeuza upya. Lakini aliacha kazi hiyo zamani.

Tena toleo la 2020 lina mlango mwembamba zaidi. Halipokei geji za mtindo ule hata zikiwa za biti 64. Linataka ziwe za WebAssembly au ziandikwe kwa HTML na JavaScript, kama kurasa za wavuti. Kwa hiyo hata aliyetoka Prepar3D toleo la nne na geji zake za biti 64 atakutana na matundu meusi kama yangu.

Umbo la nje la ndege halikupata shida kwa sababu lenyewe siyo programu. Ni data: orodha ya pointi, rangi na picha. Data haina biti 32 wala 64, mradi msomaji mpya anaijua lugha yake. Simuleta ya 2020 bado inaweza kusoma maumbo ya mtindo wa FSX. Ndiyo maana mabawa yalitokea na geji hazikutokea. Jibu la yule binti lingekuwa hili: mwili ni ule ule, mishipa ya fahamu imekatika.

Siyo viongezo vyote vinakufa sawa

Tangu siku ile nimejifunza kuvigawa viongezo mafungu manne kabla ya kuhama.

Fungu la kwanza ni data tupu: rangi za ndege, maumbo, sauti. Hivi vina nafasi nzuri ya kuhama, japo mara nyingine lazima vigeuzwe muundo.

Fungu la pili ni mandhari na viwanja. Hapa jiulize kama bado unavihitaji. Nilikuwa na kiongezo cha milima ya Tanzania nilichokilinda kama yai. Kwenye toleo la 2020 dunia nzima imejengwa kutokana na picha za satelaiti na ramani za Bing, na milima inayokuja nayo ilikuwa bora kuliko kiongezo changu. Kukihamisha ingekuwa kubeba maji kupeleka ziwani. Ila angalizo: ubora huo mwingi unakuja kwa intaneti wakati unaruka. Pale shuleni nilikuwa natumia bando la simu, likaisha tukiwa tumepaa kidogo tu. Mlima Kilimanjaro ukabaki kama kichuguu kilichofinyangwa haraka. Mwanafunzi mmoja akachungulia dirishani, akautazama wenyewe, akarudi kutazama ukutani. Hakusema kitu. Nilimwelewa.

Fungu la tatu ni programu zinazoingia ndani ya simuleta: geji, mifumo ya ndege kubwa, vidude vya kubadilisha hali ya hewa. Hawa ndio wagonjwa wa kwanza. Usihame mpaka umeona mtengenezaji mwenyewe ametoa toleo la jukwaa jipya.

Fungu la nne ni programu zinazokaa nje na kuzungumza na simuleta kupitia mlango maalumu, kama zile za ramani zinazoonyesha ndege yako iko wapi. FSX ilileta mlango huo kwa jina la SimConnect, na toleo la 2020 likaendelea nao. Kwa kuwa programu hizi haziingii ndani bali zinaongea kutoka nje, baadhi ziliendelea kufanya kazi hata kama zenyewe ni za biti 32. Jirani wa Kinyarwanda na jirani wa Kihaya wanaweza kuelewana uani kwa Kiswahili bila kuhamia nyumba moja.

Usidhani pia kwamba tatizo ni la biti peke yake. X-Plane 11 na X-Plane 12 zote ni za biti 64. Ndege nyingi za toleo la 11 hufunguka kwenye la 12, lakini namna ya kukokotoa mwanga ilibadilishwa, hivyo vioo vya dirisha au taa za dashibodi zinaweza kuonekana vibaya. Kwenye X-Plane pia kuna faili liitwalo scenery_packs.ini, linalopanga mandhari ipi iwe juu ya nyingine. Ukihamisha folda bila kupanga upya faili hilo, uwanja wako unaweza kufunikwa na nyasi. Na wenye kompyuta mpya za Apple wanajua: programu-jalizi ambayo haijatengenezwa kwa prosesa zao haipakiwi mpaka uiendeshe X-Plane nzima kupitia mkalimani wa Rosetta.

Nilivyonusurika, na nilichokipoteza

Turudi darasani. Nilipoteza dakika 25 nikibofya huku na huku. Mwishowe nikaiacha ndege yangu, nikachukua Caravan iliyokuja na simuleta yenyewe. Hiyo ina dashibodi ya skrini za kisasa. Kimo kipo lakini kwa futi, joto lipo lakini kwa maandishi madogo pembeni. Nikamwita kijana mmoja asimame karibu na ukuta awe anasoma kwa sauti. Wengine wakazidisha kila namba kwa 0.3048 kupata mita. Kipindi cha dakika 80 kikageuka kuwa cha kuzidisha desimali. Tulifika futi 13,000 kengele ikalia. Jedwali halikujaa.

Baada ya kipindi nilimfuata msimamizi chini ya mwembe. "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa." Akaifunga fomu yake. "Zana ilikuwa nzuri, kijana. Lakini umehama nyumba bila kupima kama kitanda kinapita mlangoni."

Sikuwa na la kujibu. Akaendelea, "Na kuna kitu kingine. Yule binti wa mbele ulimjibu nini?"

"Nilimwambia subiri kidogo."

"Alikuuliza swali zuri kuliko yote ya leo. Akakuuliza kwa Kiswahili, ukawa na haraka."

Jioni ile nilikaa na maneno hayo. Watoto wale, miezi michache kabla, walikuwa shule za msingi wakifundishwa kwa Kiswahili. Wengi walikuwa wanajua kabisa kwamba ukipanda juu kunakuwa na baridi. Wanaishi chini ya mlima wenye theluji, nani awafundishe hilo? Lakini wamehamishiwa sekondari, jukwaa jipya la Kiingereza, na sisi walimu tunafanya kosa lile lile nililofanya na ndege. Tunaona jina la mwanafunzi kwenye orodha ya mahudhurio, tunasema "amekubali." Tunamwuliza kwa Kiingereza, anakaa kimya, tunaandika kwamba hajui. Mwili mzima wa maarifa umo, ila geji hazijawaka. Hakuna aliyempa muda wa kuzigeuza.

Sisemi lugha ipi ifundishe sekondari. Huo ni mjadala mwingine na kurasa hizi haziutoshi. Nasema tu kwamba kwa mwalimu wa Kidato cha Kwanza, kupima mtoto amekuja na nini, na kipi kati ya hicho kinahitaji kugeuzwa, siyo anasa. Wiki iliyofuata nilirudia mada. Safari hii nilianza kwa kuwaacha waeleze kwa Kiswahili wanachokijua kuhusu baridi ya mlimani, tukaandika ubaoni, ndipo tukatafuta maneno ya Kiingereza ya vitu walivyokwisha kuvisema. Yule binti alieleza kwamba shangazi yake anaishi juu kwenye kahawa na huvaa sweta mchana. Tukaanzia hapo. Jedwali likajaa.

Safari hiyo ya pili niliruka na FSX. Nilikuwa nimeirudisha, nikazirudisha geji zangu mbili, nikazijaribu mara tatu kabla ya kulala.

Kabla hujahama, fanya haya

Moja, andika orodha ya viongezo vyako vyote na uvipange kwenye mafungu yale manne. Vya fungu la tatu viwekee alama nyekundu.

Mbili, chagua kitu kimoja ambacho ukikikosa kazi yako inalala. Kwangu zilikuwa geji mbili. Kitafutie jibu hicho kwanza, mengine baadaye.

Tatu, usifute ya zamani. Simuleta mbili zinaweza kukaa kompyuta moja bila kugombana. Kama nafasi hakuna, hamishia ya zamani kwenye diski ya nje, na nakili pia mipangilio ya vitufe vya usukani wako.

Nne, kwenye jukwaa jipya anza bila kiongezo hata kimoja. Ruka. Kisha ongeza kimoja, ruka tena. Ukiviweka vyote 30 siku moja na simuleta ikagoma, hutajua mchawi ni nani.

Tano, jaribu katika mazingira utakayotumia. Kama utakuwa na bando la simu, jaribu na bando la simu. Kama hakutakuwa na mtandao, zima mtandao ujaribu.

Sita, kabla ya kununua kiongezo tena kwa ajili ya jukwaa jipya, mwulize muuzaji kama aliyenunua cha zamani anapunguziwa bei. Wengine hupunguza, wengine hutoa bure, wengine hudai bei nzima. Boom letu halina nafasi ya kulipa mara mbili bila kuuliza.

Saba, kumbuka kuna FlightGear. Ni ya bure na maandishi yake ya programu yako wazi kwa kila mtu. Kiongezo chake kikivunjika kwenye toleo jipya, anayejua anaweza kukifungua na kukirekebisha, hata kama mtengenezaji wa kwanza hapatikani. Laiti geji zangu zingekuwa hivyo.

Alama za kipindi kile cha kwanza sitazitaja. Fomu ilikuwa na sehemu ya maoni, na msimamizi aliandika mstari mmoja tu: mwalimu ajaribu zana zake kabla ya kipindi. Nimeukata mstari huo nikaubandika juu ya skrini. Mwezi ujao natoka tena kwenda kufundisha, na tayari simuleta zote mbili zimo kwenye diski. Jana usiku niliingia chumba cha rubani cha kila moja, nikawasha, nikasoma kimo kwa sauti kama vile darasa lipo.

Mwenzangu wa chumbani akageuka kitandani. "We kaka, unaongea na nani?"

"Lala, nakagua geji."